Uzi wa wenye baiskeli za matairi manene Malindi: mchanga tumeuweza, njia ya kisimani tumefungiwa

TairiNene_MLD (mleta uzi)

Wadau wa pwani salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, chukueni kahawa chungu na kashata kwanza.

Miezi kama minne hivi iliyopita nilinunua baiskeli ya mtumba kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga nyumba anarudi kwao, ile ambayo matairi yake ni kama ya pikipiki, wenyewe wanaita fatibaiki. Tairi imeandikwa 26 x 4.0. Mtaani nilichekwa wiki nzima, kuna mtoto hapa mtaani kwetu Shela aliniuliza kwa adabu kabisa, "anko, injini umeitoa ukaiweka wapi?"

Sasa Jumapili moja ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba umetoka nje, nikashuka pale karibu na gati nikafuata mchanga ulolowa kuelekea mdomo wa mto Sabaki. Jamani. Mnajua mchanga wa hapa unavyometameta asubuhi kama umenyunyiziwa unga wa dhahabu, na siku hizi ufuo umepanuka kwa sababu ya ule udongo wote mto unaotuletea, basi una barabara ya upana wa uwanja wa mpira, hakuna matatu, hakuna tuktuk, hakuna mtu wa kukupigia honi. Mwanzo baiskeli ilikuwa inadunda kama mpira nikadhani nimeuziwa gunia la matatizo, nikatoa upepo kidogo, nikatoa tena, ghafla ikatulia ikawa inateleza juu ya mchanga kama mtumbwi. Nilifika mtoni nikakaa nikaangalia flamingo nusu saa sikuamini kama ni mimi. Miaka yote hii naishi Malindi na nusu ya Malindi sijawahi kuiona.

Sasa maswali. Kwanza kuna mwingine yeyote ana hii kitu huku tutoke pamoja? Pili chumvi, cheni yangu imeshaanza kulia. Tatu ndio hasa limenileta. Mimi na wenzangu wanne (wao wana mautenibaiki za kawaida, zile baiskeli za milimani) tulipata ujia mmoja mtamu sana upande wa Magarini, udongo mwekundu, unateremka kutoka barabara ya murram mpaka kwenye kisima bondeni, kona mbili za hatari. Tukawa tunakwenda kila Jumamosi, hata hii mvua ya Mei hatukuacha. Jumamosi iliyopita tumefika tumekuta umefungwa na matawi ya miiba, kimo cha kifua. Kijana mmoja wa pale akasema "ni nyanya amesema." Mwenzetu mmoja alitaka kuyavuta yale matawi tupite kwa nguvu, nikamzuia. Lakini nauliza, njia ya miguu ina mwenyewe? Sisi hatuna gari wala pikipiki, baiskeli inaharibu nini?

Boflo_Moto

Pesa ya kununua tairi za trekta unayo, miguu ya kutembea huna 😂 Naweka kambi hapa.

FundiSpoki

Mleta uzi umefika kwa fundi. Kwanza hongera, pili pole, kwa sababu hio mashine ni raha mchangani na ni msiba kwenye vipuri.

Watu wanadhani siri yake ni unene wa tairi. Unene unasaidia tu, siri ni upepo mdogo. Chukua wewe na baiskeli pamoja tuseme kilo 96. Tairi ya kawaida ukiijaza psi 40 (psi ndio kipimo cha upepo), magurudumu yote mawili ukijumlisha yanagusa ardhi sentimita za mraba kama 34 hivi, yaani visanduku viwili vya kiberiti umevilaza chini, ndio vinabeba uzito wote huo. Shusha mpaka psi 8, inakuja kama 170, hio ni kiganja kizima cha mtu mzima na vidole vyake. Ni kugawanya uzito kwa upepo, hakuna uchawi. Na tairi nyembamba huwezi kuishusha hivyo, rimu itagonga chini tyubu ikatike, ndipo ule unene unapopata kazi. Ndio maana mbuzi anazama ngamia anapita.

Kwa hiyo mchanga ulolowa kaa kwenye 8 au 10. Mchanga mkavu wa juu shuka 5 au 6, utahisi kama umepata pancha, usiogope. Ukirudi lami jaza, la sivyo usukani utakuvuta kando kama punda aliyeona nyasi. Na usiende kujazia petroli steshen, zile geji huko chini sindano hata haiamki, tafuta pampu ya mkono yenye geji ndogo au uzoee kubonyeza kwa kidole gumba.

Chumvi sasa. Usiingie nayo baharini hata kifundo cha mguu, ile picha ya kupita kwenye povu muachie mwenye pesa ya beringi. Ukifika nyumbani nusu ndoo ya maji ya kisima na kitambaa, futa, kausha, cheni mafuta, siku hio hio sio kesho. Ile bomba ya kiti ichomoe kila mwezi uipake grisi, nimeshaona fremu imekatwa kwa msumeno kwa sababu ya kiti kilichoganda.

Na kabla hujavunja kitu, pima upana wa hapu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Mautenibaiki nyingi za zamani ni milimita 135, ya kwako itakuwa 170 au 190, na kuna zenye ekseli nene za 177 na 197. Kati pale kwenye pedali ni 100 ambapo za kawaida ni 68 au 73. Mtu akikwambia "leta tu nitakufungia ya kawaida" chukua baiskeli yako uondoke.

La miiba siingii, mimi ni fundi.

Masafa_Marefu

Fundi amemaliza, mimi naongezea historia manake watu wanadhani hizi baiskeli zimetengenezewa watalii wa bichi. Zina wazazi wawili na wote wawili hawajawahi kuona mnazi. Mmoja ni theluji ya Alaska, kule 1987 zilianza mbio za baiskeli zinaitwa Iditabike kwenye njia za sleji za mbwa, na watu kwa kukosa rimu pana walikuwa wanachomelea rimu mbili ubavu kwa ubavu. Mzazi wa pili ni jangwa la kusini, jamaa anaitwa Ray Molina alitoa rimu za milimita 82 na matairi ya inchi 3.5 ili apite kwenye vilima vya mchanga. Halafu 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ikatoa Pugsley, tairi inchi 3.7, hapo ndipo mtu wa kawaida akaweza kuingia dukani akatoka nayo.

Kwa hiyo ukimcheka mwenye fatibaiki Malindi ujue mchanga ni ukoo wake.

Kasa_Kwanza

Nimesoma mwanzo nikafurahi, nimefika kwa Fundi "mchanga mkavu wa juu shuka 5 au 6" nikashtuka. Naomba nisikilizwe kabla uzi haujaenda mbali.

Mimi ni wa Watamu, tunalinda viota vya kasa. Kasa hatagi pale maji yanapofika, anapanda mpaka juu ya ule mstari wa majani makavu ya baharini, kwenye mchanga mkavu laini, anafukia mayai mia na zaidi, yanakaa kama miezi miwili. Sasa fikirini. Miaka yote hio sehemu ilikuwa inajilinda yenyewe kwa baiskeli, kwa sababu ukileta baiskeli ya kawaida ya Black Mamba pale unazama unashuka unasukuma kwa hasira unarudi chini. Nyinyi mmekuja na kitu ambacho hakizami. Raha yenu yote ni kufika pale mwengine hafiki, na pale mwengine hafiki ndipo wenyewe wamejificha.

Na usiniambie psi 8 ni nyepesi. Sawa, kiota kirefu labda hakitavunjika kwa kiganja chako. Lakini alama ya tairi ikibaki, kitoto cha kasa ukubwa wa kizibo cha chupa kubwa kinatoka usiku kinatafuta maji kinaingia kwenye ule mtaro kinaufuata kando kando mpaka kaa wanakikuta, au jua linatoka. Halafu ile mimea ya kutambaa yenye maua ya zambarau, mlakasa, ukiikata kata kwa tairi upepo wa kusi unakuja kuchukua mchanga wote.

Siwafukuzi. Maji yakipwa kuna nafasi ya kutosha chini, pita kati ya bahari na ule mstari wa majani, bamvua inayofuata itafuta alama zako zote kama hukuwepo. Juu ya mstari shuka ubebe. Na usiku msiende na zile tochi zenu za kuchoma macho.

TairiNene_MLD

Kasa_Kwanza nimekusoma mpaka mwisho, na nakiri nilipanda vile vilima vya kaskazini ya Mambrui mara mbili. Sikujua. Sitarudia.

PundaWaShela

Kwanza ile Shela yenu mumeiba ina, Shela ni ya Lamu 😅

La pili si mzaha. Kuna watu wawili yana na baiskeli kama hizo wametelemshwa na boti hapa, wakapanda vilima vya mtanga vya Shela kwenda kupijana picha, wazee wakawaita wakawaketisha tini wakawaeleza. Vile vilima si mapambo ya wageni. Ndilo tangi letu la mai. Mvua hunyesha, mai huzama mtangani, huketi tini yakielea juu ya mai ya munyu, ndipo visima viliko, na mji wa Lamu hunwa hapo. Ukikanyaga nyasi zikafa, mtanga ukahama, mai nayo yatahama. Vimehifadhiwa kisheria lakini mtanga hausomi sheria.

Bichi yenyewe ina kilomita 12, mai yakitoka pita tini utakavyo, hapana atakayekuuliza. Ila ukikutana na punda amebeba mawe, yeye ndiye mwenye ndia.

Boflo_Moto

"mtanga hausomi sheria" hii naandika nyuma ya tuktuk yangu

Kiti_Juu

Mimi ni mmoja wa wale wanne wa mleta uzi, yule wa kuvuta miiba ndio mimi. Naona huruma ya kasa na huruma ya nyasi, sawa, lakini turudi kwa swali. Hio njia si ya mtu, ni njia ya umma, iko pale tangu enzi. Ng'ombe wanapita na kwato, mbona ng'ombe hawafungiwi? Pikipiki za makaa je? Tukikubali kila mtu akiamka aweke miiba tutapita wapi, angani?

Kadzo_Magarini

Haya. Nimekaa kimya nikijua mtafika tu hapa.

Mimi nimezaliwa huko na hicho kisima nakijua, na huyo nyanya ni wa kwetu. Kiti_Juu unasema njia iko pale tangu enzi, umeshajiuliza iliwekwa na nani? Hakuna tingatinga lililopita pale. Hio njia imechorwa na nyayo za mama zetu, kila siku asubuhi na jioni, na kila mwaka kabla ya mvua wanaume wanapita na panga na jembe, mwenye shamba la juu anafyeka kipande chake, wa chini chake. Nyinyi mmeikuta tamu kwa sababu kuna watu wanaitengeneza, mkadhani imeota.

Mtu anateremka na ndoo tupu, anapanda na lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Hawezi kugeuka nyuma. Sasa anasikia kitu kinashuka mbele yake kwa kona bila kengele, vijana watano wamevaa kofia ngumu na miwani, anafanya nini? Anaingia michongomani. Mara ya kwanza ilichekesha. Halafu mvua. Mlipita Mei, na udongo ule ukilowa ni kama unga wa chapati, kila tairi linaacha mfereji, na mnafunga breki kwenye mteremko gurudumu linakokota. Mfereji ukabaki. Maji ya mvua iliyofuata hayakwenda tena pembeni yalivyozoea, yakapata barabara yenu yakateremka nayo mpaka kisimani. Sasa pale kona ya pili kuna korongo linafika kwenye goti, na wiki mbili zilizopita dada mmoja ameteleza pale na maji, mkono umefungwa mpaka leo.

Ng'ombe wana njia yao ya majini, iko nyuma ya mikorosho. Pikipiki zilifungiwa kabla yenu. Na wachuuzi wa pombe ya mnazi wanapita hapo na Black Mamba na madumu manne miaka nenda rudi, hawajawahi kuwekewa miiba, unajua kwa nini? Kwa sababu wakifika kwenye mteremko wanashuka wanasukuma, wanasalimia, na siku ya jembe wanakuwepo.

Nyanya hakuweka miiba kwa roho mbaya. Kwetu miiba ndio barua.

Kiti_Juu

Hilo la mkono sikulijua. Poleni sana walahi.

Mdau_wa_Tanga

Dah. Napita tu kutokea ng'ambo ya mpaka, lakini huyu dada amewakalisha. Mkuu mleta uzi tupia picha ya korongo.

Masafa_Marefu

Hii habari ya Kadzo si ya Magarini peke yake, hata waliobuni mautenibaiki walipitia hapo hapo. Kule Marin, California, 1976 vijana walikuwa wanashindana kuteremka mlima na mabaiskeli makuukuu yenye breki ya kukanyaga pedali nyuma, wakifika chini grisi ya hapu imeungua yote inatoa moshi, inabidi uijaze upya, ndio mteremko ukaitwa Repack. Wakina Gary Fisher na Joe Breeze walikuwemo. Raha tupu. Halafu baiskeli zikawa nyingi, wenye farasi na watembeaji wakaanza kulalamika, njia zikaanza kufungwa moja moja. 1988 ndipo vyama vya kule vikaungana wakaanzisha chama kinaitwa IMBA, ndio hivyo hivyo, kama unaambiwa uimbe, na sehemu kubwa ya kazi yao haikuwa kuendesha, ilikuwa kubeba sururu. Unatoa Jumamosi yako unatengeneza njia, ndio unapata kauli mbele ya mwenye ardhi.

Na nyinyi wa tairi nene hasa, wenzenu wa theluji wana kanuni yao inafaa hapa. Njia za theluji zinashindiliwa na watu wa kujitolea usiku kucha, kwa hiyo tairi yako ikiacha alama inayozidi inchi moja, punguza upepo, na ikiendelea kuacha, geuza urudi nyumbani. Inchi moja ni ncha ya kidole gumba mpaka kwenye kiungo. Kanuni hio mngeitumia Mei msingefungiwa.

TairiNene_MLD

Tunazijua hizo alama za Mei. Kona ya pili kidole chote kilikuwa kinazama na tulikuwa tunacheka.

Mzee_wa_Murram

Vijana, mimi nimefanya kazi ya barabara za vijijini muda mrefu, saa hizi nimestaafu ninafuga kuku. Kabla hamjaenda kuomba msamaha nendeni mkijua mtafanya nini, msije mkafukia korongo kwa udongo laini mkajipiga picha, mvua ya kwanza itautapika wote kisimani.

Adui wa njia si tairi, ni maji yanayokimbia. Tairi linayafungulia tu mlango. Dawa ni kuyatoa njiani mapema yakiwa bado machache, yakishakuwa mengi hayasikii la mtu. Kwa hiyo anzeni juu, sio pale palipoharibika. Kila hatua ishirini thelathini chimbeni bonde pana lisilo na kina, liwe mshazari, upande wa chini limwage maji nje kwenye nyasi, na ule udongo mliotoa uwe tuta dogo la kupokea baada ya bonde. Pana, nasema pana, mtu mwenye ndoo apite bila kuhisi. Mkiweka gogo au jiwe limesimama la kukinga maji mama wa watu atajikwaa. Halafu njia yenyewe iinamishwe kidogo kuelekea bondeni, kama sahani uliyoiinua upande mmoja, maji yavuke yasiifuate.

Korongo lenyewe jazeni mawe ya matumbawe vipande vipande, makubwa chini, yashikane, udongo juu mwisho kabisa, na mshindilie ukiwa na unyevu kidogo. Na dimbwi mkilikuta njiani msilizunguke, mnapanua njia mpaka inakula mahindi ya watu, shukeni mpite katikati na viatu vyenu vilowe.

Mteremko kama ni mkali sana hamna dawa ya jembe, hapo inabidi njia ihamishwe ikate kilima kwa ubavu. Hilo mwachieni mwenye shamba aseme.

Mchimba_Tofali

Wazo langu mniambie kama ni la kijinga. Huku kwetu machimbo ya mawe yaliyoachwa ni mengi, mashimo makubwa, mawe yameisha, hakuna kinachoota isipokuwa vichaka. Kule kule Minnesota alikotaja mdau kuna sehemu inaitwa Cuyuna, yalikuwa machimbo ya chuma, yakafungwa, wakachora njia za baiskeli kwenye yale malundo ya udongo mwekundu zikafunguliwa 2011, leo watu wanasafiri kwenda kuendesha huko. Kwa nini tung'ang'anie njia ya kisima cha watu? Kona za hatari tutajichimbia wenyewe.

FundiSpoki

Si la kijinga ila shimo lina mwenyewe pia, na mengine yana maji ya mvua kijani hujui kina chake, na kuta zinamegeka. Uliza kwanza. Mkipata niiteni nije na toolboksi, ada ni pilau.

Mirihi_Juu

Mkitaka mchanga mzito bila kugombana na mtu, Arabuko-Sokoke iko hapo Gede, kilomita kama 15 tu. Msitu wa kilomita za mraba 420 na una barabara zake za ndani. Upande wa miti ya mirihi mchanga ni mweupe na laini, mautenibaiki ya kawaida inatapatapa kama kuku, fatibaiki inapita. Lakini ingia getini, lipa, waulize askari wa msitu njia ipi iko wazi siku hio manake ndovu wapo na ndovu hasomi psi. Na mbaki kwenye njia, msijichoree ya mkato, chini ya yale majani makavu kuna sange, vijinyama vya pua ndefu wenye matako ya dhahabu, wamejenga viota, hao duniani wamebaki hapa pwani yetu tu.

TairiNene_MLD

Wadau narudi na mrejesho, imepita wiki moja na nusu.

Nilimwandikia Kadzo kando, akanipa siku. Tulikwenda watatu bila baiskeli, hilo alilisisitiza sana, na Kiti_Juu alikuja mwenyewe sikumlazimisha. Tulipitia kwanza kwa yule dada wa mkono, tukapeleka sukari na mchele na ada ya hospitali tuliyochangishana, hakusema mengi, mumewe ndiye alisema. Alisema yaliyobidi kusemwa. Halafu kwa nyanya. Nilidhani nitakuta mtu mkali, nikakuta bibi wa umbo dogo hivi anapepeta, akatuketisha kwenye mkeka akatuacha tuongee mpaka tukaishiwa maneno. Kisha akauliza, "na mvua ikija?" Basi. Nikamwambia mvua ikija hatuji. Akasema mvua ikija mje, lakini mje na jembe.

Jumamosi tukaenda saba, wawili hata hawana baiskeli, na wanaume wa pale wanne. Tulifanya vile Mzee_wa_Murram alisema tukaanzia juu, tukachimba mabonde tisa. La kwanza tulichimba vibaya lilikuwa refu na jembamba kama kaburi la paka, mchuuzi mmoja wa mnazi akapita akashuka akalitazama akacheka akachukua jembe akalirekebisha yeye. Mawe ya korongo tulibeba kwa mikono kutoka kwenye chimbo, hapo ndipo fatibaiki ilipata heshima, nilifunga gunia nyuma na jengine mbele nikashusha upepo ikawa inapanda na kilo hamsini za mawe bila kuzama, wakati toroli lilikuwa linakwama. Watoto wakaacha kuniuliza injini. Sasa wananiuliza inabeba madumu mangapi.

Miiba imeondolewa, sio yote. Kona ya pili nyanya ameacha matawi upande mmoja, mahali pa kupita mtu mmoja mmoja, ukifika lazima ushuke. Na masharti ni kengele, kushuka ukiona ndoo, Alhamisi hakuna kabisa kwa sababu ndio siku ya soko wanapita wengi, na kina mama wakipanda sisi tunasimama nje ya njia upande wa bonde, sio wao.

Kiti_Juu aliuliza kama tunaweza kupita kwa kasi alfajiri kabla hawajaamka. Nyanya akamuuliza, "wewe unaamka saa ngapi?" Akasema saa kumi na moja. Bibi akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Kadzo_Magarini

Saa kumi na moja ashateka ya pili huyo 😂

Bonde la tatu kutoka juu limejaa majani, mtu aje.

TairiNene_MLD

Nakuja Jumamosi. Fundi, kengele imenishinda, hizi za dukani haziingii, usukani pale kati ni mnene.

FundiSpoki

Usiweke kati, sogeza karibu na mshikio, huko ni 22 kama baiskeli yoyote, kati ndio 31.8. Isipokaza vizuri kata kipande cha tyubu ya zamani uzungushe ndani. Chukua ile ya kuzungusha ya shaba ya kizamani, hizi ndogo za plastiki mama akiwa na maji yanacheza kichwani haisikii. Ninazo mbili, moja mpelekee Kiti_Juu.